Mtoto Anayelia Akichanwa Nywele Hana Kiburi

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Mwanza aliniandikia kuhusu mwanawe wa darasa la kwanza. Kila asubuhi, ngoma ya paredi inapoanza kupigwa shuleni, mtoto huyo huziba masikio kwa vidole na kuchuchumaa, na kwa sababu hiyo ameshachapwa viboko mara tatu kwa kosa la utovu wa nidhamu. Mama huyo aliniuliza swali moja tu: "Dada, nimemdekeza?" Niliusoma ujumbe wake usiku na sikupata usingizi, kwa kuwa swali hilo niliishi nalo miaka minne.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Alipokuwa na mitatu, alikataa kuvaa sweta alilofumiwa na bibi yake. Alipofika minne, alikuwa akitema uji wenye mabonge, ndizi mbivu na mlenda, na nilipomwonjesha ladha peke yake, yaani mchuzi wa vitu vilevile uliochujwa, aliunywa bila shida. Kilichomshinda ni namna chakula kilivyoteleza mdomoni. Honi ya basi ilimfanya ajikojolee. Hata hivyo, mtihani wetu mkubwa ulikuwa nywele. Shule yake iliwataka wasichana wasuke twende kilioni kila wiki, na kila Jumapili jioni, kitana kikigusa tu kichwa chake kabla hata hakijavuta unywele mmoja, alipiga ukelele ambao majirani walitoka nje kuusikiliza.

Nilimbana katikati ya magoti kama nilivyobanwa mimi na kama alivyobanwa mama yangu. Jumapili moja nilimpiga begani kwa kitana kilekile nilichokuwa nacho mkononi, kikavunjika meno mawili, na alama ikabaki pale hadi Jumatano. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua wapo wazazi wengi waliofika hapo nilipofika, nao wanalificha kama nilivyolificha. Mwaka huohuo, siku ya sikukuu, mama mkwe wangu aliniambia mbele ya wageni, "Mwanangu, huyu umemlea kama yai." Hakusema kwa nia mbaya, na nimekwisha kumsamehe, lakini mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo koo hunikaba.

Safari za hospitali sitazisimulia. Masikio yalipimwa yakaonekana mazima, na ngozi haikuwa na ugonjwa wowote. Aliyenifungua macho alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kuzimudu shughuli zake za kila siku, fani ambayo hapa Tanzania hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Hakuanza na vipimo. Aliniuliza, "Ukimkumbatia kwa nguvu, analia?" Nikamjibu kwamba halii, tena yeye mwenyewe hunifuata na kuniambia, "Nibane, mama." Akatabasamu, akachukua kalamu yake na kuipitisha taratibu juu ya mkono wangu, nami nikautoa mkono bila kufikiri. Kisha akaushika mkono uleule kwa kiganja kizima na kuugandamiza, na nikahisi mwili wangu unatulia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mguso mwepesi mara nyingi huamsha tahadhari mwilini, kama mdudu anayetambaa shingoni, lakini mgandamizo mzito kwa kawaida hutuliza. Ubongo wa watu wengi hupokea mguso, huupima, kisha huupuuza, na ndiyo maana wewe unayesoma hapa ulikuwa huihisi nguo yako mgongoni mpaka nilipoitaja. Ubongo wa binti yangu haupuuzi. Lebo ya kola humkwaruza saa nane mfululizo kama ilivyomkwaruza dakika ya kwanza, na mtoto aliyestahimili hayo tangu asubuhi, pamoja na kengele, vumbi la chaki na kelele za wenzake hamsini, anaporudi nyumbani na kuangua kilio kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, halilii kijiko.

Shuleni tulifundishwa kuwa milango ya fahamu ni mitano. Wataalamu huongeza mingine: ule wa sikio la ndani unaotuambia kichwa kimeinama au kinazunguka, ule wa misuli na viungo unaotuwezesha kupeleka tonge mdomoni gizani, na ule wa ndani ya mwili unaotuambia tuna njaa au tumebanwa na haja. Aliyefungua njia ya kuyatazama haya kwa pamoja alikuwa Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake kuhusu jambo hili mwaka 1972. Mwaka 1997 Winnie Dunn, naye wa Marekani, alieleza kwamba watoto hutofautiana kwa mambo mawili: kiasi cha kichocheo kinachohitajika ili wahisi, na wanachokifanya wakishahisi. Kwa hiyo yupo anayekimbia kelele, na yupo anayezitafuta. Yupo anayejibamiza ukutani, anayezunguka bila kushikwa na kizunguzungu, anayechubuka goti asijue mpaka aone damu. Mtoto mmoja anaweza kuwa yote mawili, kama wangu, ambaye hawezi kuguswa kichwa lakini hushindilia vyakula vya pilipili.

Wengi huniuliza kama huu ni usonji (autism). Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliziweka tofauti hizi za hisia miongoni mwa dalili za usonji, lakini haukuzifanya kuwa ugonjwa unaosimama peke yake, na wapo watoto wengi wenye tofauti hizi wasio na usonji. Mpeleke mtoto apimwe, masikio kwanza, kisha ukuaji wake. Lakini usisubiri jina la hali yake ndipo uache kumpiga.

Ushauri wangu, ndugu mzazi, ni kuangalia kabla ya kuadhibu. Nunua daftari la kurasa arobaini. Andika saa, mahali, mtoto alikuwa amevaa nini, alikuwa amekula nini, na kelele gani ilikuwepo. Mimi niliandika wiki tatu, na katika wiki ya pili tayari niliona kwamba vilio vya Jumapili vilikuwa vikali zaidi siku tulizotoka kanisani kwenye vipaza sauti. Niliihamishia kazi ya kusuka Jumamosi asubuhi. Angalia tena, andika tena. Kazi nzito za mikono nazo husaidia, na sisi hatuhitaji kununua vifaa vya ng'ambo, kwa maana tunazo nyumbani: kukanda unga wa chapati, kubeba ndoo ndogo ya maji, kukuna nazi juu ya mbuzi. Binti yangu akikuna nazi moja kabla ya kusukwa, mabega yake hushuka.

Na nyinyi walimu, niwaombe kwa heshima. Mtoto anayeziba masikio hakudharau ngoma yenu wala bendera. Kiboko hakiwezi kuufundisha ubongo kupuuza sauti. Kinaweza tu kumfundisha kuficha maumivu, na akishajifunza kuficha, hatawaambia hata siku atakapoumizwa na mtu mbaya. Mtafakari jambo hilo mbele za Mungu wenu. Mimi nimelitafakari nikiwa na kitana kilichovunjika mkononi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa msusi. Nilifunga kilo mbili za mchele ndani ya kanga na kumwekea mapajani ili uzito umtulize. Msusi alikubali kushika shina la nywele kwa vidole kabla ya kuchana, na kumtajia mtoto kila mstari kabla ya kuuanza: "Bado sita. Bado tano." Ilichukua saa moja na dakika ishirini, na mara mbili aliinua mkono kuomba apumzike, naye akapumzishwa. Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikasimama nyuma ya saluni mpaka macho yalipokauka.

Mama wa Mwanza amenijibu jana. Mwalimu wa zamu amekubali mtoto asimame mwisho wa mstari, mbali na ngoma, na siku ya Alhamisi alimpa fimbo ya ngoma aipige mwenyewe mara tatu. Alipiga bila kuziba masikio, kwa kuwa safari hii alijua sauti inakuja lini. Sasa mama huyo ananiuliza kuhusu soksi za shule, ambazo mtoto huzivua njiani kila siku. Nimemwandikia azigeuze kabla ya kumvalisha, mshono wa vidoleni ukae nje.