Sikuondoka na 55, na nilisemwa

Juzi mwalimu mmoja wa Tandahimba aliniandikia kwenye simu: "Shikamoo Mwalimu. Mwezi wa tisa natimiza 55. Nistaafu au nisubiri? Baba watoto anasema niondoke, mkupuo ukitoka tununue mikorosho." Nilicheka mwenyewe jikoni. Mkupuo ni ile pesa ya kustaafu unayolipwa mara moja, na hilo la mikorosho nalijua mpaka mizizi yake.

Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza swali moja tu: mwanangu, daraja la mshahara ulilonalo sasa umelipata lini? Akanijibu kwa alama za kuuliza. Hakuona linahusiana wapi. Basi ngoja niwaeleze wote, maana najua mnaonisoma hapa wengi mko kwenye umri huohuo na mnapiga hesabu hiyohiyo usiku.

Mimi nimestaafu mwaka jana, nikiwa na miaka 59. Sheria inamruhusu mtumishi wa umma kuondoka kwa hiari akifika 55 na kumwondoa kwa lazima akifika 60. Maprofesa na madaktari bingwa wao wanahesabiwa 60 na 65. Kinachosahaulika ni kwamba kati ya 55 na 60 unaweza kuchagua mwezi wowote unaoutaka. Watu wanabishana "55 au 60" kana kwamba hapo katikati hakuna siku. Mimi nimetokea hapo katikati, na nimetokea makusudi.

Mwaka 2022 nilikuwa na 56. Mnaukumbuka mwaka ule. Agosti 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF, ikaja hesabu ya mkupuo wa asilimia 25, watumishi tukapiga kelele nchi nzima, na Desemba hiyohiyo Rais Magufuli akairudisha ya zamani. Kisha Julai 2022 ikaanza ya asilimia 33. Ofisi yetu ya walimu pale Newala haikuwa na habari nyingine. Madaftari yanasubiri kusahihishwa, watu wako kwenye kikokotoo, hiyo hesabu ya mafao. Neno lililokuwa linazunguka ni moja: tuondoke kabla hawajapunguza tena.

Na kaka yangu akalisikia. Kwetu Makondeni mjomba wa watoto si mtu wa kupuuzwa. Anakuja na neno, unakaa mkekani unasikiliza. Alikuja jioni moja, hakuja peke yake. Alikuja na mwenye shamba wa upande wa Mahuta. Wakakaa barazani, nikawapa maji, na yule mzee akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Mikorosho imehesabiwa kwa mistari mitano mitano, mipaka imechorwa kwa kalamu ya risasi, na chini kabisa jina langu limeandikwa "mnunuzi". Mahali pa bei pameachwa wazi. Mimi sijaandika barua ya kustaafu, sijamwambia hata mkuu wa shule, na mkupuo wangu tayari una muuzaji anayeusubiri.

"Dada," kaka akasema, "serikali ikikupa mkono wa kwaheri, ushike."

Nikasema hapana. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema mbele ya mgeni, na hilo hajanisamehe. Hakugusa chakula. Siku walimu wenzangu waliponiaga, ngoma imepigwa, mama yangu amekaa kiti cha mbele, kaka hakuja. Alimtuma mtoto na jogoo. Jogoo tulimla, lakini nafasi yake pale mbele kila mtu aliiona.

Sasa kwa nini nilikataa? Sikuwa na elimu ya ajabu. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuipiga. Mfuko unachukua wastani wa mshahara wa miaka yako mitatu iliyo bora ndani ya ile kumi ya mwisho. Unazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Hapo umepata pensheni ya mwaka mzima kabla haijagawanywa. Sehemu ya kwanza, ile asilimia ya mkupuo, inazidishwa kwa 12.5, unalipwa mara moja, ndiyo mkupuo. Inayobaki inagawanywa kwa 12, ndiyo ya kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Rudieni hapo: miaka mitatu iliyo bora.

Mnajua madaraja yetu yalivyokwama tangu 2016, wakati wa uhakiki wa watumishi na vyeti. Yalipoanza kufunguliwa 2021, mimi nilikuwa kwenye foleni na langu likatoka. Yaani 2022 nilikuwa nimeuonja mshahara mpya kwa muda mfupi tu. Ningeondoka siku ile, wastani wangu ungebebwa na mshahara wa zamani, ule niliokaa nao miaka nikinung'unika. Ningekuwa nimepandishwa daraja kwa ajili ya picha.

Tuchukue mwalimu wa mfano. Ana miaka 29 kazini, miezi 348, na wastani wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Milioni 12 kwa mwaka, mara 348, gawa kwa 580: 7,200,000. Akikaa mingine mitatu mshahara ukiwa uleule, anafika miezi 384, anapata kama 7,945,000. Si haba. Lakini akikaa mitatu hiyo kwenye daraja jipya na wastani ukawa 1,200,000, anapata kama 9,534,000. Miezi peke yake imemwongezea kama 745,000. Mshahara umemwongezea karibu milioni moja na laki sita juu yake. Mshahara ndio uliobeba mzigo. Wengi wanahesabu miaka ya kazi tu, hawaangalii mshahara umekaa wapi.

Atakayeniambia aliyetangulia kuondoka ameila pensheni mapema, ni kweli kabisa. Lakini miaka hiyo mimi nilikuwa nakula mshahara mzima, na mwajiri anaendelea kunichangia asilimia 15 juu ya 5 yangu. Sikukaa bure.

Halafu Juni 2024 Waziri wa Fedha akasimama bungeni: sisi tuliokuwa na mkupuo wa asilimia 50 tukashushwa hadi 33, sasa tutapata 40. Hilo sikulitabiri, nisijipake mafuta. Lilinikuta nimekaa. Ila kaka yangu anasema nina majini ya hesabu, na mimi sijamkanusha.

Kulikuwa na jambo la pili, na kwa kweli kwangu ndilo lilikuwa la kwanza. Mama yangu alikuwa kwenye kadi yangu ya bima ya afya. Ukistaafu, bima inabaki na wewe na mwenza wako. Wazazi na watoto wanatoka. Mama ana presha na macho, safari zetu za hospitali ya Ndanda hazikuwa za kutembea. Nikajiuliza: nikishaondoka, dawa za mama zitatoka kwenye mikorosho ya Mahuta? Kaka aliyeniita mchoyo hakuwahi hata siku moja kushika foleni ya dirisha la dawa.

Basi nikatumia muda niliobaki nao kusafisha kumbukumbu zangu, na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko kote. Fungua PSSSF Kiganjani, ile programu ya mfuko kwenye simu, uangalie michango yako mwezi kwa mwezi. Mimi nilipofungua nilikuta miezi haipo, ile ya wakati nahamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nilikatwa, lakini haikusomeka. Nikaenda ofisi inayohusika, siitaji, na kijana mmoja akawa ananiambia "mama, rudi wiki ijayo" bila kuinua macho kwenye simu yake. Huyo kijana nilimfundisha jirani yake kusoma! Kilichoniokoa ni sanduku la bati chini ya kitanda. Salari slipu zote, zile za zamani zenye vitundu pembeni, wino umefifia mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Tarakimu za makato zilionekana. Nikatoa nakala, nikaandika barua, nikagongesha muhuri wa mapokezi kwenye nakala yangu. Baada ya hapo macho yaliinuka.

Ndani ya sanduku hilohilo niligundua jina langu la kati kwenye barua ya ajira ya kwanza lina herufi pungufu kuliko kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi moja. Nikaapa kiapo cha majina mapema, kwa utulivu. Wenzangu waliogundua mambo haya baada ya kuagwa walikaa nyumbani hawana mshahara, hawana pensheni, huku sheria inasema mafao yalipwe ndani ya siku 60. Siku 60 za karatasi zilizokamilika, ndugu zangu.

Na wewe uliyeajiriwa ukubwani, hesabu miezi yako kabla ya kuota 55. Pensheni ya kila mwezi inataka angalau miezi 180 ya michango.

Sasa mikorosho. Mimi siichukii, nimesomeshwa nayo. Lakini nyie mnaopanga mkupuo juu yake, mmeishi hapa au mmehamia jana? Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo. Msimu wa 2024 minada ilifunguliwa bei ikiwa juu ya 4,000. Katikati hapo kuna misimu iliyoshuka chini ya 2,000, na salfa ya kupuliza mikorosho haikungoji upate bei nzuri. Kama lazima ununue shamba, angalau usistaafu ili pesa ikufikie Oktoba. Oktoba minada imeanza, kila mtu ana hela mfukoni, shamba linapanda bei, mbuzi anapanda bei, na ngoma za unyago zinakutafuta kwa jina. Andika barua yako ya hiari miezi sita kabla, lenga uondoke mwanzoni mwa mwaka, pesa iingie masika watu wamekaukiwa. Hapo utauziwa kwa heshima. Mimi niliondoka Januari.

Wapo wanaopaswa kuondoka na 55, na sitaki mtu anitumie matusi. Mwenzangu mmoja magoti yalikataa kupanda ngazi za darasa, daraja lake alikuwa amelikalia miaka mingi, hana mkopo. Angesubiri nini? Aliondoka, anafuga kuku, analala mchana. Lakini kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, nenda kwanza kaulize salio lako kwa maandishi. Salio hilo linakwenda kulipwa na mkupuo, na wewe kwenye ile hesabu yako ya usiku hukulitoa. Nimemwona baba mzima, mkuu wa shule mstaafu, anatoka benki na bahasha, anakaa kwenye ngazi, anahesabu tena na tena akidhani karani amekosea. Karani hakukosea.