Kifurushi changu kimekwenda wapi?

SWALI: Mimi ni mama muuza vitenge hapa Morogoro, na wateja wangu wengi nawapata kwa WhatsApp. Jumapili usiku nilinunua kifurushi cha wiki cha GB 2, nikatuma picha chache za mzigo mpya, nikalala. Jumatatu saa mbili asubuhi nikaletewa ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Nilipiga huduma kwa wateja, nikasubiri karibu nusu saa nikisikiliza muziki, kisha binti aliyepokea akaniambia, "Mama, umetumia." Nimetumia saa ngapi, nami nilikuwa nimelala? Je, tunaibiwa?

JIBU: Pole sana, mama yangu. Jibu la "umetumia" halitoshi hata pale linapokuwa kweli, kwa sababu aliyetoa fedha yake ana haki ya kuonyeshwa ilivyotumika. Hata hivyo, kabla hatujamtuhumu mtu, tuiulize kwanza simu yenyewe, maana nayo huweka hesabu.

Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya mtandao, kisha tafuta matumizi ya data. Utaona orodha ya programu zote, na mbele ya kila moja kiasi ilichokula. Kama simu yako ina laini mbili, hakikisha unaangalia laini uliyowekea kifurushi, kwa kuwa kila laini ina hesabu yake. Na kama simu inakuruhusu kuchagua tarehe ya kuanza kuhesabu, weka siku uliyonunua kifurushi, ili usije ukasoma matumizi ya mwezi mzima ukadhani ni ya usiku mmoja.

Picha za vitenge peke yake haziwezi kumaliza GB 2, kwani WhatsApp huipunguza picha uzito kabla ya kuituma. Mara nyingi mlaji ni mwingine. Mwaka jana mama yangu mzazi alinilalamikia jambo hilihili, nikakaa naye mkekani tukaifungua simu yake pamoja. Tulikuta kijana aliyemwandalia simu hiyo ameweka alama ya vema kwenye kupakua video zenyewe zinapoingia, hata kwa data ya laini. Mama alikuwa kwenye kikundi cha maandalizi ya kicheni pati ya binti wa jirani, na kila mwalikwa alikuwa akirusha video za mapambo, vyakula na ngoma. Zote zilishuka kwenye simu yake bila yeye kufungua hata moja. Tulipoendelea kushuka kwenye orodha tukamkuta mlaji wa pili, programu ya kuhifadhi picha mtandaoni, ambayo ilikuwa inapandisha picha zake zote kwa uzito wake kamili. Watu wengi hawajui kwamba kupandisha nako kunakula kifurushi sawasawa na kushusha.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Katika mipangilio ya WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama zote za upakuaji wa moja kwa moja kwa data ya laini, ili picha au video ishuke pale tu unapoigusa. Kwenye duka la programu, chagua masasisho yafanyike kwa Wi-Fi pekee. Kisha washa kiokoa data, ambacho huzizuia programu zisizo mbele ya macho yako zisitumie mtandao kimyakimya, lakini iache WhatsApp ndani ya programu zilizoruhusiwa, usije ukakosa oda za wateja wako.

Sasa tuseme umeisoma simu yako na imekuonyesha kwamba usiku ule zilitumika MB 300 tu. Hapo una hoja, mama, nami nakusihi usiiache ipotee. Piga picha ya skrini hiyo, hifadhi ujumbe wa kununua kifurushi na ule wa kukuambia kimekwisha, kisha rudi kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zikaanza kutumika Aprili 2021, zinamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, na asikukate salio la kawaida kwa matumizi ya nje ya kifurushi pasipo ridhaa yako. Katika barua yako umetaja ujumbe mmoja tu, ule wa mwisho. Muulize ule wa asilimia 75 ulikuja saa ngapi. Asipokujibu ukaridhika, peleka lalamiko na ushahidi wako TCRA.

SWALI: Naendesha bodaboda Tabora. Kila nikiweka vocha, shilingi mia inakatwa kabla sijapiga simu. Napokea jumbe za utabiri wa mpira ambazo sikuziomba.

JIBU: Ndugu yangu, laini yako imeunganishwa na huduma ya kulipia kwa siku. Mtu hujiunga nazo kwa kubonyeza "sawa" kwenye kidirisha kinachojitokeza ghafla kwenye skrini, na wewe mwenye simu iliyofungwa kwenye usukani unaweza kukigusa bila kujua. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, waambie wakusomee huduma zote ambazo laini yako imejiunga, moja baada ya nyingine, wakuondoe katika zote usizozitaka, nawe usikate simu hadi upokee ujumbe wa kuthibitisha. Ukiwa hapohapo, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

SWALI: Nilikopa kwenye programu ya simu. Nilipochelewa siku mbili, walimtumia ujumbe wa kunidhalilisha mkuu wangu wa shule, na hata mama mkwe. Mimi ni mwalimu hapa Kondoa, na sasa naona haya kuingia ofisini. Namba zao walizitoa wapi?

JIBU: Mwalimu, walizitoa kwenye simu yako, siku ile ulipoipa programu ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi. Kuifuta sasa hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, lakini iondolee ruhusa hiyo leo, na zikague programu nyingine zote ulizonazo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazoendeshwa bila leseni. Angalia kama yako imo. Fedha uliyopokea ni deni, hilo sikufichi, lakini deni halimpi mtu yeyote idhini ya kukuaibisha mbele ya mkweo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya namna hii. Waombe mkuu wako na mama mkwe wasizifute jumbe walizotumiwa. Wakutumie picha zake zikiwa na namba ya mtumaji na tarehe, uziambatanishe na barua yako kwa Tume.