Chenisoo ya marehemu baba inazima ikipata moto

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Machame. Marehemu baba alituachia chenisoo, Stihl 070, aliyoinunua mkononi kwa mtu kabla mimi sijazaliwa. Ilikaa stoo miaka sita. Nimeitoa, nimeosha tanki, nimeweka plagi mpya, ikawaka. Shida ni kwamba ikiwa baridi inawaka kwa mvuto wa pili na inakata mkaratusi vizuri dakika kumi, kumi na tano, halafu inaishiwa nguvu na kuzima. Hapo vuta kamba mpaka bega lilegee, haiwaki. Iache nusu saa ipoe, inawaka kama haikuwa na shida. Fundi wa kwanza alifunga kabureta mpya, tatizo likabaki palepale. Wa pili akazungusha skrubu za kabureta huku Machame, na tangu hapo inanguruma yenyewe hata nikiachia mafuta, cheni inazunguka bila kuguswa. Mwezi uliopita niliishusha Kahe kumkatia shemeji miti, ndiyo ikazidi. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshaniuliza mara mbili. Niuze?

JIBU: Marahaba, mangi. Usiuze kwanza. Na usiivute tena kamba hiyo mpaka ufungue eksozi.

Ni boliti chache tu. Ukiitoa utaona tundu la moshi kwenye silinda, na nyuma yake ubavu wa pistoni. Zungusha injini polepole kwa mkono huku unamulika na tochi ya simu. Pistoni nzima ni ya kijivu, laini, na ukiangalia kwa makini bado unaona vile vistari vyembamba vya mlalo ilivyotoka navyo kiwandani. Iliyoungua ina mikwaruzo ya wima, kama paka amekwea juu yake, na ringi haichezi ukiisukuma kwa kijiti.

Nakuanzisha hapo kwa sababu ya hilo neno lako, "inanguruma yenyewe". Injini inayopandisha mzunguko bila kuguswa inakula hewa nyingi kupita kiasi kinacholingana na petroli yake. Kwenye injini ya 2T (ya mipigo miwili, kama ya chenisoo) oili haina njia yake, inaingia ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili imepungua pia, na pistoni inasugua silinda kavukavu. Mwaka juzi niliitoa pistoni ya namna hiyo kwenye chenisoo iliyoletwa kutoka Usa River. Upande wa eksozi ulikuwa umeyeyuka mpaka ringi imezikwa ndani ya aluminiamu. Mwenyewe alifurahi sana wiki iliyotangulia, maana "ilikuwa na nguvu kuliko ilivyowahi kuwa". Ndivyo inavyokuwa: injini yenye njaa ya petroli huchangamka kabla ya kufa.

Halafu Kahe. Huko kwenu juu unapita mita 1,500, hewa ni nyepesi. Fundi akiipima kabureta pale Machame, anaipunguzia petroli ili ilingane na hewa ya pale. Ukiiteremsha Kahe, mita 700 hivi, hewa ni nzito, petroli ni ileile, na mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi. Kwa hiyo shemeji hakuiloga. Kila ukishuka mlima, fungua skrubu ya H (ya petroli ya mzunguko wa juu) kidogo, na ukipanda irudishe.

Ikiwa pistoni ni safi, zirudishe skrubu mwanzo: zifunge zote mbili, H na L (L ni ya mzunguko wa chini), mpaka ziguse tu (ukikaza kwa nguvu utaharibu ncha ya sindano), kisha fungua kila moja mzunguko mmoja kamili. Washa. Ikiwa bado inapandisha yenyewe hata baada ya kulegeza skrubu ya sailensa (ile ya kuweka mzunguko wa injini ukiachia mafuta), zima papo hapo. Hewa inaingia mahali isipotakiwa, na hakuna bisibisi itakayoizuia.

Niseme neno juu ya wenzangu. Mashine ikisumbua, sisi mafundi mkono unakwenda kwenye kabureta kwa sababu ndiyo iliyo nje na ndiyo yenye skrubu za kuchezea. Sili za shafti (mipira inayozuia hewa isipenye) zimejificha, moja nyuma ya klachi na nyingine nyuma ya flaiwili (gurudumu lenye sumaku), na kuzifikia ni kazi ya nusu siku. Mpira uliokaa miaka mingi halafu ukalala stoo sita hukakamaa. Injini ikiwa baridi, sili inabana kwa bahati. Ikipata moto, pengo linafunguka. Soma tena barua yako ukiwa na wazo hilo.

Kuhakikisha si lazima uje kwangu Unga Limited, Arusha. Tafuta mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya pampu ya mpira na saa ya mshale. Chukua plagi chakavu, ivunje kaure yake ubaki na chuma chenye hesi, chomeka mpira wa ile mashine na uzibe kwa gundi ya epoksi. Kata vipande viwili vya tyubu ya pikipiki: kimoja kikae kati ya kabureta na silinda, kingine kati ya eksozi na silinda, ukaze boliti. Weka pistoni chini kabisa ili hewa ifike kwenye tumbo la injini. Sasa pampu. Kiwanda hupima kwa bar 0.5, saa ya presha inaishia 300 (milimita za zebaki), sawa na bar 0.4, na inatosha. Mshale usimame sekunde 20. Ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye sili zote mbili, chini ya silinda kwenye gasketi, na kwenye maungio ya kabureta. Povu litakuonyesha.

Angalizo moja: sili nyingine inashika ukisukuma hewa lakini inavujisha injini inaponyonya, kwa sababu mdomo wake umeelekea ndani. Kwa hiyo mshale ukisimama lakini sili zenyewe ni ngumu kama kucha, mimi nabadilisha tu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na silinda. Ukiitoa utakuta namba tatu zimechapwa usoni: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Nenda nazo duka lolote la bearing Moshi mjini, hutahitaji kutaja jina la chenisoo.

Kufungua klachi na flaiwili ndiko watu wanakoharibu. Injini lazima ishikwe isizunguke. Usichomeke boliti kwenye tundu la plagi, utatoboa pistoni. Ingiza kamba safi ya katani, kama nusu mita, bakiza mkia nje, kisha zungusha mpaka pistoni iibane. Klachi za chenisoo nyingi hufunguka kinyume na ulivyozoea. Tafuta mshale uliochongwa kabla hujaweka nguvu. Flaiwili nayo isitolewe kwa kuingiza bisibisi nyuma na kukandamiza, kwa kuwa tumbo la injini ni magnesiamu na linapasuka kama kigae. Tumia puli, kifaa cha kuivutia nje. Kwa hiyohiyo magnesiamu, yeyote atakayekwambia aunge ufa kwa gesi, mwambie ahsante uondoke. Ikishika moto haizimwi kwa maji.

Flaiwili ikiwa nje, angalia umeme wa cheche, maana kuna mshukiwa wa pili. 070 za mwanzo ni za pointi (viungio vinavyofungua na kufunga umeme wa cheche) na kondensa, za baadaye hazina pointi. Ya baba yako kwa umri wake naiona ni ya pointi. Kondensa kuukuu ina tabia hiyohiyo uliyoieleza: baridi inafanya kazi, ikipata joto inakata. Safisha pointi kwa kadi ngumu isiyo na mafuta, si msasa, maana punje zake zinabaki katikati. Pengo liwe 0.35 hadi 0.4 mm zinapofunguka kabisa. Kondensa ya pikipiki za zamani za pointi hufaa, ilimradi thamani yake iwe karibu na 0.2 µF na ikae mahali pasipogusa flaiwili. Ukiwa na dada mwenye saluni, azima drayer yake, pasha moto koili na kondensa, rudisha flaiwili, upime cheche hapohapo. Wateja wake watakushangaa, lakini utajua bila kukata hata tawi moja.

Baada ya sili mpya, ndipo uipeleke kazini, na uwe tayari kwa kuzima kwake. Ikizima una kama dakika mbili kabla haijapoa na kuficha ushahidi, kwa hiyo spana ya plagi iwe mfukoni. Kwanza legeza kifuniko cha tanki. Kikivuta pumzi kwa mlio na mashine ikawaka, kitundu cha hewa cha tanki kimeziba. Kwa mashine iliyolala stoo ya Uchagani, nyigu wa udongo ni wa kwanza kushukiwa. Ikibaki kimya, toa plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki: angalia mpira wa petroli ndani ya tanki, ukiukunja utaona nyufa, na filta yake. Ikiwa imelowa, iegemeze kwenye mapezi ya silinda mbali na tundu lake, funika tundu kwa kitambaa, vuta. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano na dhaifu, au hakuna, rudi kwenye kondensa. Ikiwa imelowa na cheche ipo, vuta kamba polepole usikie kama injini inakukaba. Ikiwa mvuto ni mwepesi kama unavuta maji kisimani kwa ndoo tupu, ringi zimechoka.

Kuipima H mara ya mwisho: ikiwa huru, bila gogo, umebana mafuta mpaka mwisho, iwe inagugumia kidogo. Ukiizamisha kwenye gogo mgugumio uishe. Ikilia nyembamba na safi ikiwa huru, umeikausha, fungua tena. Kwa umri huo mimi naipa mchanganyiko wa 25 kwa 1, yaani mililita 200 za oili ya 2T kwenye lita 5 za petroli. Pima kwa sindano ya mifugo, si kwa kizibo. Na oili chafu iliyomwagwa gereji usiitie kwenye tanki la cheni. Imejaa vumbi la chuma, nayo inakula bari (bapa la chuma linalobeba cheni) na pampu ya oili.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. Hiyo ni mashine ya cc 106 na huenda haina breki ya cheni, maana breki hizo zilianza kuenea miaka ya 1970. Ncha ya bari ikigusa tawi, inarudi usoni na hakuna kitakachoizuia. Mikono miwili muda wote, na usikate juu ya mabega. Na kwa jinsi cheni yako inavyozunguka yenyewe sasa, hata kutembea nayo imewaka ni hatari.

Sasa kuuza. Nikikuta pistoni imekwaruzwa bado siikati tamaa: aluminiamu iliyoganda kwenye silinda hutolewa kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ukiigusisha kwa pamba kwenye mti mahali penye doa tu, glavu mkononi na miwani machoni, kisha maji mengi. Inakula aluminiamu na kuiacha kromu. Pistoni na ringi za 070 bado zinapatikana, maana mashine hizi zimeenea sana. Kitakachonifanya nikate tamaa ni tumbo la injini lenye ufa, au konrodi (mkono unaoshika pistoni) inayocheza juu na chini ukiishika pistoni. Ikiwa inacheza kushoto na kulia tu, hiyo ni nafasi yake ya kawaida.

Na kabla ya yote hayo, pita kwa fundi wa kwanza umuulize ile kabureta ya zamani ameiweka wapi. Karibu nina hakika haikuwa mbovu. Inataka diaframu na gasketi mpya tu, na chuma chake ni bora kuliko hiyo uliyouziwa.