Re: Nauza sana lakini mtaji haukui

Habari mkuu. Umesema banda lako la chipsi linaingiza kama 80,000 kwa siku, wateja wapo, ila siku ya kununua viazi inabidi ukope. Mimi nilikwama hapohapo karibu mwaka mzima, Mbagala.

Kabla ya kulaumu bei ya mafuta, angalia simu yako. Hela ya biashara na ya kwako zinaingia laini moja? Kwangu ilikuwa hivyo: bando, nauli, michango ya harusi (hiyo ndiyo iliniua), vyote vilitoka kwenye hela ya viazi, halafu jioni nahesabu mauzo nikidhani ni faida. Nikatenga laini mbili, nikaanza kujilipa 7,000 kwa siku kama kijana wa kazi. Wiki ya kwanza nilijiibia mara tatu, sikufichi.

Kisha daftari. Andika kila gunia linatoa sahani ngapi. Sahani za gunia langu zilipopungua, nikagundua kijana wangu anawajazia washikaji zake.

Hujasema kama unakopesha. Kama unakopesha, anzia hapo, hayo mengine yasubiri.