Injini ya boti iliyobaki dukani, toleo la zamani: nichukue?

Kaka, kama ni mpya kweli na haijawahi kuguswa na maji, ichukue. Injini ya nje ya tu-stroki (two-stroke) ya nguvu ya farasi 15 haijabadilika sana miaka yote hii, na mafundi wa Kirumba, Mwanza, wanaifungua bila kuuliza. Umri wa toleo usikutishe. Cha kutazama ni jinsi ilivyokaa stoo.

Mpira huzeeka hata bila kazi. Impela, kile kigurudumu cha mpira cha pampu ya maji ya kupoza injini, ikikaa miaka imebanwa mahali pamoja, mapezi yake yanakauka na kubaki yamepinda. Ukienda nayo hivyo hadi Ukerewe, injini inaweza kuchemka ukiwa katikati ya ziwa, na hapo ni roho za watu, si hela tu. Mwambie muuzaji abadilishe impela na oili ya giaboksi kwa gharama yake, kisha aiwashe mbele yako ndani ya pipa la maji. Maji yatoke kwa nguvu kwenye kile kitundu cha pembeni. Kama iliwahi kuwashwa dukani, kabureta isafishwe pia.

Dai risiti ya EFD, na waranti iandikwe inaanza siku unayonunua, pamoja na namba ya injini.

Ila kama punguzo lenyewe ni dogo, ongeza kidogo uchukue ya mwaka huu. Na kama safari zako ni ndefu kila siku, ulizia bei ya foo-stroki (four-stroke) kwanza, mafuta inakula kidogo.