Ile salamu ya Wazulu

Wiki hii mmeuliza: "Filamu ya vita ikipotosha historia, bado inafaa kuitwa nzuri?" Niwieni radhi, nitajibu swali la jirani yake: ikishakupotosha, upotofu huo unakaa nawe miaka mingapi? Kwangu ulikaa kumi na tatu, na filamu ni Zulu, ile ya 1964.

Wa rika langu mnaijua. Askari wa Uingereza wapatao 150 wamejifungia kwenye misheni ya Rorke's Drift, Natal, huko Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879, wanashambuliwa na Wazulu kama 4,000 usiku kucha. Niliiona kwa ami yangu Kisauni, Mombasa, kwenye deki, watoto kumi na kitu juu ya mkeka. Mkanda ulikuwa umechoka, mstari mweupe ukipanda na kushuka kwenye kioo. Swali letu lilikuwa lile la kila picha: stelingi nani? Kaka yetu mkubwa akatuonyesha luteni mmoja wa koti jekundu, basi, tukawa watu wake. Kila Mzulu aliyeanguka tulimpigia makofi.

Ikafika ile sehemu ya mwisho. Askari wamejipanga safu tatu. Hii ikifyatua, ile inajaza risasi, nyingine inafyatua, hakuna nafasi hata ya kuvuta pumzi. Moshi unatanda. Ukitawanyika, maiti zimelala mpaka hatua chache kutoka kwenye viatu vyao. Makofi yetu yalikufa hapo. Binamu yangu mdogo alijifunika uso kwa pindo la leso ya mamake. Na stima ikapotea.

Tulikaa gizani, hakuna aliyesema neno. Kaka, ambaye alikwisha kuiona, akatumalizia kwa mdomo: Wazulu wanarudi, wanajaa kilimani, Waingereza wanajua leo ndiyo leo, kumbe wamekuja kuwaimbia, kuwasalimu kama mashujaa wenzao, kisha wanakwenda zao. Nilifurahi mno. Ile salamu iliniondolea zile maiti machoni, nikalala vizuri.

Nilikua nayo. Kidato cha tatu niliiandika kwenye insha ya historia kama jambo lililotukia, na mwalimu akanipa alama zangu. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba haikutokea. Asubuhi ile Wazulu walionekana kweli kwa mbali, wakiwa hoi, kisha wakaondoka. Kikosi cha Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, kilikuwa kinakaribia. Majeruhi wa Kizulu waliobaki nyuma, wengi waliuawa na Waingereza palepale walipolala. Filamu imeyafuta mauaji hayo, na mahali pake ikaweka wimbo. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata Hook, mmoja wa askari waliolinda misheni, waliyemfanya mlevi ilhali pombe hakuwa akiigusa.

Halafu hakuna sababu ya vita. Filamu inafunguka kwa maiti za Isandlwana, ambako siku hiyohiyo Wazulu waliua zaidi ya watu 1,300 wa jeshi la Uingereza, lakini aliyechokoza hatajwi. Aliyechokoza ni Sir Bartle Frere, mkuu wa Waingereza kule Afrika Kusini. Desemba 1878 alimpelekea mfalme Cetshwayo masharti, mojawapo kwamba avunje jeshi lake, na tarehe 11 Januari wanajeshi wa Uingereza wakavuka mpaka. Frere huyu ndiye wa Freretown yetu, yule aliyekwenda Unguja 1873 kumbana Sultani Barghash juu ya biashara ya watumwa. Maisha yangu yote napita Kengeleni, hapohapo Freretown, kwa matatu, na sikuwahi kuunganisha.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekata shauri niseme watoto wasionyeshwe kabisa. Tatizo ni kwamba juzi niliiangalia tena, ili nisiilaumu kwa kumbukumbu tu. Kabla hujamwona Mzulu hata mmoja pale Rorke's Drift, unawasikia: ngao zinagongwa nyuma ya vilima, na ofisa mmoja anasema ni kama treni iliyo mbali. Kisha kundi la kwanza linakuja na kuangushwa bila kufika popote, na Kaburu mmoja anawaeleza maofisa kwamba kamanda aliye kilimani anahesabu bunduki zao. Mkekani nilikuwa nimeona umati tu. Safari hii nimeona jeshi, lenye mpango na lenye kujua bei ya mpango huo. Cetshwayo mwenyewe anaigizwa na Mangosuthu Buthelezi, kitukuu wake. Nayo serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliwakataza Waafrika wasiione, isipokuwa maonyesho machache maalumu kwa Wazulu walioigiza. Iliogopa kitu humo ndani, na nadhani sasa nakiona.

Basi ni nzuri? Ni nzuri, ikiwa kuna mtu wa kukaa nawe anayejua kilichoachwa. Akikosekana, sina hakika. Na simlaumu ami, alikuwa na mkanda tu. Binti yangu yuko kidato cha pili na ameniomba tuiangalie. Nitaanza na habari za Frere. Tukifika kwenye ile salamu nitasimamisha, nimweleze yaliyowapata majeruhi, kisha nimwachie aiangalie mpaka mwisho, maana wimbo wenyewe ni mzuri, na wanaouimba ni Wazulu wa kweli.