Soma Kazi Kabla ya Kukalia Kiti

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika ofisi za sanaa, hasa nyinyi mlioingia kwa sababu kuna mkubwa alipiga simu, nawaomba mumsome Lord Harewood wa Uingereza. Jina lake George Lascelles, mzaliwa wa 1923, binamu wa Malkia Elizabeth II. Mtu wa ukoo ule angeweza kuwekwa kwenye bodi yoyote, akaja kunywa chai na kusaini tu.

Yeye alisoma kwanza. Juni 1944 alijeruhiwa na kutekwa vitani Italia, Wajerumani wakamfunga, mwishowe katika ngome ya Colditz, Ujerumani. Kifungoni alikuwa akiisoma kamusi kubwa ya muziki ya Grove. Mwaka 1950 akaanzisha jarida la Opera, la habari za opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, na baada ya hapo ndipo akaingia ofisini Covent Garden, jumba kubwa la opera la London.

Mimi nilipoanza niliona haya kuuliza. Siku moja nilipanga mazoezi ya kwaya na ufungaji wa taa kwa wakati mmoja. Mafundi wako juu ya ngazi wanagonga, waimbaji wamekaa chini wanasubiri, asubuhi nzima ikapotea. Hakuna aliyenifokea. Mwalimu wa kwaya alikusanya karatasi zake za nota, moja moja, akazitia mkobani akaondoka. Tangu siku hiyo siandiki ratiba kabla sijakaa na fundi taa, fundi sauti na mshona mavazi, kila mmoja aniambie anahitaji muda gani. Fanyeni hivyo wiki yenu ya kwanza, na daftari mkononi.

Mwaka 1972 Harewood alikabidhiwa kampuni ya opera ya Sadler's Wells, iliyokuwa ikifanyia maonyesho ukumbi wa Coliseum, London. Mwaka 1974 ikaitwa English National Opera. Huko opera ziliimbwa kwa Kiingereza, hata ikiwa mtunzi ni Mjerumani au Mwitaliano, ili aliyekata tiketi aelewe kinachoimbwa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ukoo wake wote. Kabla hujalalamika kwamba viti ni vitupu, jiulize kama umeongea na watu kwa lugha yao.

Na fedha, ulizeni zilikotoka. Jumba la ukoo wake, Harewood House karibu na Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, lilijengwa karne ya 18 kwa utajiri wa sukari na watumwa wa Karibi. Jambo hilo halifichiki nyuma ya muziki mzuri, wala lisifichwe.

Ninalompendea zaidi ni la Leeds. Hakutaka kila kitu kibaki London. Novemba 1978 kampuni yake ilifungua tawi huko, likiwa na okestra na kwaya yake, na lilipoweza kusimama hawakuling'ang'ania. Mwaka 1981 likajitegemea, likaitwa Opera North, na mpaka leo lipo Leeds.